Bweni, Wimbo na Cheti: Kutoka Folkehøjskole ya Denmark hadi Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Tanzania

Ikisiri

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa nchini Tanzania mwaka 1975 vilitokana na shule za bweni za watu wazima za Skandinavia, ambazo asili yake ni Denmark ya karne ya 19. Makala hii inafuatilia safari ya wazo hilo na kuonyesha kwamba kilichovuka bahari kwa urahisi ni mabweni na karakana. Wimbo, masimulizi na uhuru wa kutotahiniwa, ambavyo ndivyo vilivyokuwa kiini cha shule hizo kule zilikozaliwa, vilibaki pembezoni mwa ratiba. Inadaiwa kwamba jina la Kiswahili walilopewa wanafunzi na walimu wa vyuo hivyo lilichangia mabadiliko hayo, na kwamba mjadala wa sera kuhusu vyuo hivi leo hauwezi kuishia kwenye hesabu ya vyeti.

Utangulizi

Neno chuo lina umri mkubwa kuliko majengo yanayoitwa hivyo leo. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani chuo kilikuwa kitabu, na kutokana na maana hiyo kikawa mahali mtoto alipopelekwa kujifunza Kurani. Karne ya 20 ililipanua neno hilo likamaanisha taasisi ya mafunzo baada ya shule. Serikali ya Tanzania ilipohitaji jina la kuziita shule mpya za bweni za watu wazima, zilizoanza mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, ililiunganisha neno hilo na mengine mawili yaliyokuwa na uzito mkubwa katika siasa ya wakati huo: maendeleo na wananchi.

Asili ya jina hilo haina maendeleo ndani yake. Kidenmark husema folkehøjskole, Kiswidi husema folkhögskola, na vyote viwili hutamka mambo matatu tu: watu, ujuu na shule. Tafsiri ya folk kuwa wananchi ni nzuri, pengine ni bora kuliko zile za lugha nyingine, kwa kuwa mwananchi ni mwenye nchi, na hicho ndicho waasisi wa Denmark walichokusudia: mkulima ajione kuwa mwenye nchi. Lakini ujuu ulidondoka njiani na nafasi yake ikachukuliwa na maendeleo. Badiliko hilo la neno moja linaweza kuonekana dogo. Miongo iliyofuata inaonyesha kwamba halikuwa dogo, kwa sababu maendeleo ni neno linalodai kipimo, na wimbo wa asubuhi haupimiki.

Shule isiyo na mtihani

Nikolai Frederik Severin Grundtvig (1783–1872) alikuwa mchungaji, mwanahistoria na mtunzi wa nyimbo za kanisani ambazo watu wa Denmark huziimba hadi leo. Kati ya mwaka 1829 na 1831 alikwenda Uingereza mara tatu kusoma miswada ya Kiingereza cha kale. Katika chuo cha Trinity, Cambridge, alivutiwa na jambo ambalo wenyeji pengine hawakuliona kuwa la ajabu: walimu na wanafunzi waliishi katika ua mmoja, wakala pamoja, na mazungumzo yao yakawa sehemu ya masomo. Aliporudi alianza kudai shule ya namna hiyo kwa wakulima wa nchi yake, ila iwe bila Kilatini na bila mtihani. Shule za Kilatini aliziona kuwa shule za mauti, zinazomlisha kijana maandishi yaliyokufa. Yeye alitaka shule ya uhai, na chombo chake kikuu kiwe neno linalotamkwa.

Shule ya kwanza ilifunguliwa Rødding tarehe 7 Novemba 1844. Mahali penyewe pana maana. Rødding imo Schleswig, eneo lililogombaniwa kati ya wasemaji wa Kidenmark na wasemaji wa Kijerumani, kwa hiyo tangu siku ya kwanza bweni lilikuwa ngome ya lugha. Baada ya vita vya 1864 Denmark iliipoteza Schleswig, na mwaka uliofuata kazi ya Rødding ikahamishiwa Askov, kaskazini ya mpaka mpya. Ni katika miaka hiyo ya kushindwa ndipo shule hizi zilipoongezeka kwa kasi.

Aliyezifanya ziwe za wakulima kwelikweli hakuwa Grundtvig mwenyewe. Alikuwa Christen Kold, mtoto wa fundi viatu, aliyeanza Ryslinge mwaka 1851 akiwa na wanafunzi 15. Kold alilala na wanafunzi wake darini, akala chakula chao, na kufundisha kwa kusimulia. Hapa maana ya bweni inaonekana wazi. Halikuwa njia ya kuwahifadhi watu waliotoka mbali. Lilikuwa ndilo somo. Kijana wa shambani aliyezoea kumwona mwalimu kama mtu wa daraja la juu alimkuta asubuhi akinawa uso kwenye beseni lilelile.

Kozi zilikuwa fupi na zilifuata kalenda ya shamba. Wanaume walikuja kwa miezi 5 ya baridi, ardhi ilipokuwa imelala. Wanawake walikuja kwa miezi 3 ya kiangazi. Walijifunza historia, masimulizi ya kale ya Skandinavia, fasihi, viungo vya mwili, na waliimba. Waliimba kabla ya somo na baada ya somo. Mwaka 1894 shule hizo zilipata kitabu chao cha nyimbo, ambacho kimechapishwa upya mara nyingi na bado kinatumika.

Wageni waliokwenda Denmark kutoka nchi nyingine, maofisa wa kikoloni wakiwemo, walivutiwa zaidi na maziwa na siagi. Mwaka 1882 wakulima wa Hjedding walianzisha kiwanda cha kwanza cha maziwa cha ushirika, na katika muda mfupi ushirika wa namna hiyo ukaenea nchi nzima. Wanahistoria wanabishana hadi leo kuhusu kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na shule hizo. Lisilo na ubishi ni kwamba hazikufundisha ukamuaji. Vyuo vya kilimo vilikuwepo, vikijitegemea. Mkulima aliyesimama kwenye mkutano wa ushirika akahoji hesabu za mweka hazina alikuwa, mara nyingi, mtu aliyepitisha majira ya baridi akisikiliza hadithi za miungu ya kale na kuimba na wenzake. Mtu anayetafuta matokeo ya kiuchumi ya elimu angeipita shule hiyo bila kugeuka.

Sweden ilianzisha shule zake tatu za kwanza mwaka 1868, na tangu mwanzo zilielekea zaidi kwenye maarifa ya kazi: hesabu, upimaji wa ardhi, uendeshaji wa serikali za mitaa. Baadaye vyama vya wafanyakazi navyo vilijenga shule zao, Brunnsvik mwaka 1906 ikiwa miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Hata hivyo Sweden haikuifukuza sanaa. Kozi za muziki, uchoraji, ufumaji na tamthilia zikawa tawi kamili la shule hizo, sambamba na masomo ya jumla yanayomwezesha mtu mzima kuendelea hadi chuo kikuu. Jambo hili litahitajika mbele.

Vitanda vilivyotangulia

Afrika ya Mashariki haikuanza na Wasweden. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kuwafundisha walimu wasimamizi wa shule za vijijini, na ilikuwa kawaida walimu hao kuja na wake zao, nao wakapewa mafunzo yao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Kabete iligeuzwa kuwa kituo cha kozi fupi za bweni kwa machifu, wakulima, wenye maduka na wanawake wa vikundi. Uganda ilikuwa na Nsamizi, Entebbe, kwa ajili ya watumishi wa serikali za mitaa na wa maendeleo ya jamii. Chuo cha Makerere kilianzisha mwaka 1953 idara yake ya kufundisha watu walio nje ya chuo.

Tanganyika ikafuata kwa Kivukoni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, mwaka 1961. Mfano wake ulikuwa Ruskin, chuo cha bweni cha wafanyakazi kilichoanzishwa Oxford mwaka 1899, na Joan Wicken, aliyepata kusoma Ruskin na baadaye kuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi, alifanya kazi kubwa ya kukitafutia fedha. Wanafunzi walikuwa watu wazima wenye elimu ndogo ya darasani na uzoefu mkubwa wa vyama vya wafanyakazi, ushirika na siasa.

Yaliyovipata vituo hivyo yanafanana mno kuwa bahati tu. Kabete ilikuwa chuo cha utawala cha Kenya mara uhuru ulipokaribia. Kivukoni mwaka 1971 kikawa chuo cha itikadi cha TANU. Kitanda na jiko ni vitu ghali, na serikali changa yenye maofisa wengi wa kufundisha kwa haraka haikuweza kuviacha mikononi mwa wakulima wanaokuja kwa wiki 2. Hapakuwa na njama. Palikuwa na uhaba, na katika uhaba mtu wa kwanza kuondolewa kitandani ni yule ambaye hakuna ofisi inayomwombea nafasi.

Kila wilaya chuo chake

Ndiyo maana mpango wa 1975 ulikuwa wa kijasiri. Ulikuja wakati ambapo elimu ya watu wazima ilikuwa kazi ya taifa zima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya usikilizaji. Na idadi ya wasiojua kusoma, iliyokuwa asilimia 67 mwaka 1967, ilishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975. Swali likawa: aliyekwisha kujua kusoma aende wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ujumbe wa Tanzania ulizitazama shule za Sweden ukarudi na jibu. Kila wilaya ingekuwa na chuo cha bweni, na kijiji kingemchagua mtu wake, kimpeleke, na kumpokea tena.

Vituo vya mafunzo ya wakulima na vituo vya mafunzo ya vijijini vilivyokuwepo viligeuzwa, vingine vikajengwa upya, na idadi ikapita 50: Kisarawe, Ifakara, Newala, Tarime, Urambo na kwingineko. Dar es Salaam, Arnautoglu, kituo cha jamii cha miaka ya 1950 ambacho wakazi wa mji walikijua kwa dansi na madarasa ya jioni, kikawa navyo kimojawapo. Kozi ndefu zilifika miaka 2. Fupi zilikuwa za siku chache au wiki kadhaa. Mwenyekiti wa kijiji, katibu, mweka hazina na muuza duka la kijiji walikuja kujifunza kazi walizokwisha kupewa, kwa kuwa sheria ya vijiji ya 1975 ilikuwa imekipa kijiji mamlaka ambayo watu wake hawakuwahi kuyaendesha. Useremala, uashi, ufundi chuma, kilimo na maarifa ya nyumbani vilikuwa masomo ya ufundi. Siasa, uchumi na utamaduni yakawa ya jumla. Vyuo vingi viliweka shule ya chekechea ndani ya uzio, ili mama anayenyonyesha asikose nafasi. Katika mambo yote yaliyobuniwa, hili huenda ndilo lililofahamu vizuri kuliko yote maana ya bweni la watu wazima: mtu mzima haji peke yake.

Msingi huo ulitikiswa na mafanikio ya sera nyingine. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na kufikia miaka ya 1980 makundi makubwa ya vijana yalikuwa yanamaliza darasa la 7 bila nafasi ya sekondari. Vijana hao ndio waliovijaza vyuo. Hawakuwa wametumwa na kijiji, hawakuwa na duka la kurudia wala kamati ya kuendesha. Walitaka ufundi na karatasi ya kuuthibitisha. Mkulima wa miaka 40 aliyekuja kwa wiki 3 akawa mgeni katika chuo kilichojengwa kwa ajili yake. Uchumi nao ulikuwa umedhoofika baada ya vita vya Kagera, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 msaada wa Sweden ulikoma. Ada zikaanza kubeba sehemu ya mzigo. Kijiji ambacho hakina fedha hakimtumi mtu.

Jioni

Je, wimbo ulikuwa wapi wakati huo wote? Ulikuwepo, lakini jioni. Ngoma na kwaya za wanachuo zilikaribisha wageni, zilipamba sikukuu za taifa na kuwapumzisha watu baada ya karakana. Hili si jambo la kudharau. Lakini Rødding na Ryslinge waliimba asubuhi, katikati ya somo, kwa sababu waliamini kwamba mtu asiyewahi kusikia sauti yake ndani ya sauti za wenzake hataweza kuipaza mkutanoni. Tanzania ilikuwa na sababu za ziada za kulielewa hilo. Katika jando na unyago vijana walitengwa makumbini kwa wiki au miezi, wakafundishwa na manyakanga na makungwi kwa nyimbo na mafumbo, bila daftari na bila cheti, wakarejea wakiwa watu wengine machoni pa jamii yao. Wazo la kwamba watu huondoka nyumbani, hukaa pamoja na hufundishwa kwa wimbo halikuhitaji kuletwa kwa meli. Wapangaji wa vyuo hawakulitumia. Utamaduni uliwekewa kipindi, na mafunzo ya sanaa ya kitaaluma yakapata makao yake mwaka 1981, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipofunguliwa. Bagamoyo imekuza wasanii wengi wazuri, na hakuna wa kuilaumu. Lakini kuanzia hapo ilikuwa rahisi kudhani kwamba sanaa ni ya msanii, na mwanakijiji ni wa randa na msumeno.

Mahali pengine palikofika wazo la Denmark, wimbo ulibaki asubuhi. Highlander, shule ya bweni iliyoanzishwa milimani Tennessee, Marekani, mwaka 1932 na Myles Horton baada ya kuzuru Denmark, ilitoa warsha za muda mfupi kwa wafanyakazi, na baadaye kwa wapigania haki za weusi. Rosa Parks alikaa huko wiki 2 katika kiangazi cha 1955, miezi michache kabla ya kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Mwaka 1946 wafanyakazi wa tumbaku kutoka Charleston walifika hapo na wimbo wa mgomo wao, Zilphia Horton akaujifunza na kuufundisha, nao ukawa We Shall Overcome. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba wiki 2 ndizo zilizomweka Rosa Parks kwenye kiti chake. Ufupi wa kozi, kwa vyovyote, haukuwa ushahidi wa udogo wake.

Jirani wa karibu zaidi ni Rwanda. Itorero ya zamani iliwaweka vijana wa kiume pamoja wakajifunza ngoma, ushairi na vita. Mwaka 2007 serikali iliirudisha kama mafunzo ya kambini kwa raia wa rika na kazi mbalimbali, nyimbo na ngoma zikiwemo. Tofauti na Denmark ni kubwa, kwa kuwa huko anayeimba ameombwa na dola kuimba, wakati kwa Kold mtu alikuja kwa hiari na kuchangia gharama. Hata hivyo Rwanda imeonyesha kwamba serikali ya ukanda huu inaweza kulipa gharama za bweni na wimbo kwa pamoja, ikitaka.

Cheti na kitanda

Mwaka 1990 vyuo vya Tanzania vilihamishwa kutoka wizara ya elimu kwenda wizara ya maendeleo ya jamii, na katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 vikarudishwa kwenye elimu. Katikati ya safari hizo mbili, sehemu kubwa ilianza kufundisha mitaala ya ufundi stadi ya VETA ili wanachuo wapate vyeti vinavyotambulika. Uamuzi huo haukuwa wa kipuuzi. Kijana wa Newala anayetafuta kazi ya umeme hawezi kumwonyesha mwajiri kumbukumbu za mazungumzo ya bwenini. Mfano wa Sweden, uliotajwa awali, ni muhimu hapa kwa kuwa unaondoa ulazima wa kuchagua: shule ileile humpa mmoja njia rasmi ya kuendelea na masomo na mwingine kozi ya muziki isiyo na mtihani, na wote hula ukumbi mmoja. Tanzania ilichukua nusu ya kwanza ya mpango huo na kuuita mpango wote.

Tukio la karibuni linalostahili kuangaliwa ni Elimu Haina Mwisho, mpango unaoendeshwa na vyuo hivi pamoja na shirika la Karibu Tanzania kwa wasichana waliokatishwa masomo, wengi kwa sababu ya ujauzito, katika kipindi ambacho shule za serikali zilikuwa hazimpokei tena msichana aliyejifungua, hali iliyodumu hadi Novemba 2021. Wasichana hao walikuja na watoto wao, na chekechea ya miaka ya 1970 ikawapokea. Wanasoma masomo ya sekondari, ufundi na stadi za maisha, na kupitia Mpira Fursa mpira wa miguu wa wanawake umeingia vyuoni. Mchezo umerudi, basi, kwa mlango wa mradi, na mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha.

Denmark, wakati huohuo, ina takribani shule 70 za aina hii. Sheria yake bado inazizuia kutoa mitihani na bado inataja mwangaza wa maisha kuwa lengo. Kila kiangazi wastaafu, wauguzi na walimu hulipia kozi za wiki 1 za kuimba kwaya, kuchora au kusoma historia, na ruzuku ya serikali hujazia gharama. Mwanakijiji wa Urambo mwenye umri wao, ambaye chuo cha wilaya kilijengwa kwa jina lake, hawezi kupata wiki hiyo. Hana sifa za kujiunga na kozi ndefu, na kozi fupi huitishwa palipo na mfadhili wake: ya ufugaji nyuki mwaka huu, ya mikopo mwaka ujao. Mabweni hubaki nusu tupu wakati wa likizo za wanachuo, ambazo katika wilaya nyingi huangukia Juni na Julai, mavuno yakiwa yamekwisha na mkulima akiwa na nafasi.